Uzito wa Marehemu

Dereva wa wizara aliyezikwa mwezi wa pili alikuwa amesafishwa damu Alhamisi iliyopita, na kumbukumbu za Mfuko zilieleza kwamba alimaliza salama na kuondoka kwa miguu yake.

Mpelelezi wa Mfuko wa Matibabu ya Watumishi wa Umma alipiga mstari chini ya tarehe hiyo. Ofisini walimwita Bi Rula, kwa kuwa katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuna aliyewahi kumwona akipiga mstari kwa mkono mtupu. Jina hilo hakulitafuta, wala hakulikataa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mbele yake, juu ya meza ya Mkurugenzi, palikuwa na barua isiyo na saini:

"Ndugu Mkurugenzi, watumishi watatu waliofariki bado wana vibali vya kusafishwa damu, na kadi zao zinatumika. Naomba zifungwe leo. Jambo hili halihitaji uchunguzi. Linahitaji kufungwa tu."

Chini yake zilifuata Alhamisi kumi na moja, kila moja na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mpaka dakika. Karatasi haikuwa na mistari, lakini mwandishi alikuwa ameichorea pambizo upande wa kushoto, upana wa vidole viwili, kwa rula.

"Mtoa siri wa kawaida hutaja jina kwanza, ushahidi baadaye," alisema Bi Rula. "Huyu ameleta ushahidi, jina amelimeza."

"Wewe litapike," alijibu Mkurugenzi. Alikuwa mtu mnene aliyekonda ghafla tangu bajeti mpya isomwe. "Hazina wamenikata theluthi nzima ya fungu. Wazazi tumewatoa kwenye orodha ya wategemezi. Wa figo tumewatoa kwenye mara tatu kwa wiki mpaka mara moja, anayetaka zaidi ajilipie. Watu wananitukana mpaka kwenye misiba. Halafu wanasikia marehemu wanatibiwa! Alhamisi saa tisa alasiri nitasaini karatasi moja kati ya mbili. Moja inampeleka mtu polisi. Nyingine inasimamisha mkataba wa kitengo kizima cha figo."

"Kitengo kina wagonjwa thelathini na mmoja."

"Hesabu naijua."

"Wataenda wapi?"

Mkurugenzi alitazama dirishani. "Ndiyo maana nimekuita wewe, sikumwita mhasibu."

Bi Rula aliomba jambo moja tu: kadi zile tatu ziachwe wazi mpaka Alhamisi, ili mwizi asishtuke. Alikubaliwa. Alitoka na barua ndani ya bahasha.

*

Mjane wa dereva alimpokea Jumanne asubuhi, katika chumba kilichojaa mashati ya sare yaliyosubiri vifungo. Alizungumza huku sindano ikipanda na kushuka.

"Nguo zake nimewagawia shemeji zangu, dada yangu, lakini nimewachekesha watu bure. Wote wembamba kama kamba za viatu. Marehemu alikuwa mtu wa kilo tisini na moja. Hata gari alilokuwa akiendesha, kiti kilishika umbo lake. Aliyerithi lile gari anasema anakaa shimoni."

"Pole sana, mama. Kadi yake ya matibabu uliirudisha wapi?"

Sindano ilisimama. "Kwani kuna nini?"

"Utaratibu tu."

"Mkisema utaratibu tu, mimi najua kuna jambo. Iliachwa hospitalini. Kadi za wale wa figo zote hukaa kwa yule Bwana Mtandao wa mapokezi. Mimi siku ile nilitoka na mume wangu kwenye sanduku, ningekumbuka kadi?"

Bi Rula aliandika: *Kilo 91. Kadi kwa mapokezi.* Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akaondoka.

*

Bwana Mtandao alikuwa karani aliyelipata jina hilo kwa kuwa jibu lake la kwanza kwa kila mgonjwa lilikuwa "mtandao umekata." Jumatano, saa mbili asubuhi, Bi Rula alipoweka kitambulisho chake juu ya kaunta, karani alifunga droo kwa goti.

"Fungua."

"Mama, mtandao..."

"Droo haina mtandao. Fungua."

Ndani yake mlikuwa na kadi, zimefungwa kwa mipira katika mafungu matano, na juu ya kila fungu karatasi yenye siku ya wiki. Jasho lilimtiririka karani hadi kwenye kola. Bi Rula alizihesabu mara mbili, taratibu, huku foleni ikinyoosha shingo.

"Unazikodisha kwa kiasi gani?"

"Kuzikodisha! Mama, naomba usilitamke neno hilo mbele za watu, nina wakwe humu kwenye foleni." Alishusha sauti. "Mfumo unafunguka saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa mbili umelemewa. Kwa hiyo wananiachia kadi, mimi naziingiza kabla jua halijapanda. Wangekuja wenyewe wangekuta nimekata. Yaani, mtandao umekata."

"Na alama za vidole?"

"Kile kisomeo? Kilikufa mwaka jana. Tuliomba fundi, wakasema fungu la fundi limebanwa. Kwa kweli kimetangulia mbele ya haki kabla ya wagonjwa wengi."

Bi Rula hakucheka. Alizilinganisha kadi na orodha yake, moja baada ya nyingine. Zilikuwa thelathini na moja, na wenyewe wote walikuwa hai. Ya dereva haikuwamo, wala ya askari jela, wala ya mpima ardhi, wale marehemu wengine wawili wa kwenye barua.

"Mtu akifa, kadi yake inakwenda wapi?"

"Mimi wafu siwaweki. Inapanda wodini pamoja na faili. Wodi wanaandika taarifa ya kifo, taarifa inakwenda kwa afisa utumishi wa pale alipokuwa akifanya kazi, afisa utumishi anawaandikia nyinyi Mfuko, nyinyi mnafunga kadi."

"Inachukua muda gani?"

Karani alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Maafisa utumishi wapi, mama? Nafasi zao si zilifutwa?"

Hivyo mwizi wa kaunta akamponyoka, na zikabaki siku moja na nusu. Bi Rula alimrudishia karani mafungu yake matano, akapanda ngazi kwenda kitengo cha figo, ghorofa ya tatu.

Jumatano ilikuwa siku ya kusafisha mitambo, na vitanda saba vilikuwa vitupu. Mhudumu wa usafi alimpa daftari la wodi bila maswali. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lililoandikwa kwa mkono, kwa sababu mfumo wa kompyuta ulipokea majina na vibali tu na haukujali mengine. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake: jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, uzito kabla, uzito baada.

Bi Rula aliketi, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza wa dereva, mwezi wa kwanza. Kabla, kilo tisini na nne. Baada, tisini na moja. Aliishusha rula ukurasa hadi ukurasa, akifuata jina lilelile, mpaka akaivuka tarehe ya mazishi.

Kabla, kilo arobaini na sita. Baada, arobaini na tatu na nusu.

Aliishika rula kwa nguvu zaidi. Aliwatafuta wengine. Askari jela, alipokuwa hai, alipimwa kilo sabini na nane. Mpima ardhi, sitini na sita. Masalio ya vibali vya wote watatu yalikuwa yakitumika kwa kupokezana, na majina hayo yote matatu, baada ya kufa, yalishuka kwenye mizani yakiwa na kilo arobaini na tatu na nusu. Wanaume watatu walikuwa wamegawana mwili mmoja, Alhamisi kumi na moja mfululizo, na mtu fulani alikuwa ameandika hilo waziwazi, kwa wino, bila kufuta hata tarakimu.

Alitoa barua na kulinganisha saa. Daftari lilisema saa nne na dakika kumi. Barua, saa nne na dakika kumi na saba. Daftari, saa nane kasoro dakika tano. Barua, saa nane na dakika mbili. Tofauti ilikuwa ya dakika saba, mara kumi na moja, haikukosea hata mara moja.

"Samahani, ndugu yangu," alimwita mhudumu. "Saa za kuandika humu wanazitoa wapi?"

"Kwenye mashine. Ile ya ukutani muuguzi haiamini, inakwenda mbele."

Bi Rula aliinua kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa imetundikwa nyuma ya meza ya muuguzi, juu, ikiwatazama wagonjwa. Aliilinganisha na ya mkononi. Ilikuwa mbele kwa dakika saba.

Kwa hiyo barua haikuandikwa na mtu wa kaunta, wala na muuguzi mwenye kijicho. Iliandikwa na mtu aliyelala kitandani kwa saa nne kila Alhamisi, akiwa hana pengine pa kutazama.

Kilichobaki kilikuwa cha kufunua tu. Mwili huo lazima ulikuwa na siku yake halali. Katika kurasa za Jumatatu, kitanda cha sita, aliukuta: mwalimu wa kike, kibali cha mara moja kwa wiki, uzito baada ya tiba kilo arobaini na tatu na nusu. Kwenye faili lake, mahali pa ndugu wa karibu, palikuwa na namba ya simu. Namba hiyohiyo ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: *Muuguzi wa zamu, piga hapa.*

*

Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini, Bi Rula aliingia wodini. Vitanda sita vilikuwa na watu, na mirija yao ilikuwa tayari imejaa nyekundu. Muuguzi alikuwa peke yake, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwendo wake wa haraka usio na kelele. Alikuwa amesimama kando ya mizani, amemshika mkono mgonjwa wa saba.

"Polepole, dada. Usijiegemeze, namba itadanganya."

Mgonjwa alipanda. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa, na kila pumzi ilimtoka kwa mlio.

"Arobaini na saba nukta tatu," alisoma Bi Rula, nyuma yao.

Muuguzi aligeuka. Mkononi alikuwa na kadi ya mpima ardhi, ameielekeza kwenye kisomeo cha kadi cha wodini. Alikitazama kitambulisho, kisha rula iliyochomoza kwenye mkoba.

"Usiipitishe," alisema Bi Rula. "Ukiipitisha, nitakuwa nimeshuhudia."

"Nisipoipitisha hakuna kibali, na bila kibali siruhusiwi kumwunganisha na mashine."

Mwalimu alishuka kwenye mizani mwenyewe na kuketi ukingoni mwa kitanda. Alihema mara tatu kabla ya kusema. "Wewe ndiye uliyepewa barua?"

Muuguzi alimgeukia. "Barua gani?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Bi Rula. "Pambizo yako nzuri sana."

"Niliandika mfunge. Sikuandika mje."

"Dada, barua gani?"

"Nilidhani unanilipia kwa ile akiba yenu ya kikundi," mwalimu alimwambia mdogo wake. "Mpaka nikaziona zile kadi tatu mfukoni mwako. Mpima ardhi! Mimi, mpima ardhi! Nikajua siku watakapokushika, watoto wako watakula nini? Nikasema acha kadi zife kimyakimya."

"Ukajishtaki," alisema muuguzi.

"Nilitaka mlango ufungwe na mtu mwingine. Mwenyewe nimeshindwa. Kila Alhamisi nasema leo siendi, ikifika saa tatu sipumui."

Muuguzi aliinama, akabonyeza kifundo cha mguu wa dada yake kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale pale, halikurudi.

"Jumatatu umeme ulikatika nusu ya tiba," alisema bila kuinua macho. "Ana karibu kilo nne za maji mwilini. Yanapanda kwenye mapafu. Kama umekuja kunifunga, nifunge, lakini sema haraka."

"Nina swali moja," alisema Bi Rula. "Majina uliyaghushi. Kwa nini uzito hukuughushi? Ungeandika tisini na moja, nisingekupata."

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hamwagi maji ya moto juu ya mtoto. "Uzito ndio ninaoutumia kupanga maji ya kutoa. Akija mwingine zamu yangu, atafuata daftari. Jina ukidanganya, umeudanganya Mfuko. Uzito ukidanganya, umemuua mtu."

Bi Rula alitoa waraka wa Mfuko kwenye mkoba. Ulikuwa umepigiwa mistari mingi. Aliweka rula chini ya aya ya tisa na kusoma kwa sauti ya kawaida: "Mgonjwa aliye katika hatari ya kupoteza maisha atatibiwa bila kibali, endapo daktari wa zamu na ofisa wa Mfuko aliyepo watathibitisha kwa saini."

"Aliyepo!" Muuguzi alicheka bila furaha. "Tangu waraka utoke, hajawahi kukanyaga humu ofisa hata mmoja. Daktari yupo chumba cha pili, lakini saini yake bila yenu ni pambo."

"Muite."

Daktari alikuja na stethoskopu ikining'inia, akasikiliza mgongo wa mwalimu, chini kushoto, chini kulia. Hakuuliza mgeni ni nani. "Hii ni dharura," alisema, akasaini. Bi Rula alitia saini yake chini, akaandika cheo chake, tarehe na saa: saa tatu na dakika hamsini. Kisha alinyoosha mkono, na muuguzi akampa kadi tatu za marehemu. Zilikuwa bado na joto la mfuko wake.

"Andika daftarini," alisema Bi Rula. "Jina lake mwenyewe."

Muuguzi aliandika.

"Halafu utafanya nini?" aliuliza.

"Nitaandika ripoti."

"Na jina langu litakuwamo."

"Litakuwamo."

"Haya. Ngoja nimchome sindano kwanza."

Mashine ilianza kuzunguka. Mwalimu alilaza kichwa na, kwa mazoea, akaitazama saa ya ukutani. "Na wewe ni mtumishi," alimwambia Bi Rula baada ya muda. "Wewe wamekukata nini?"

"Mama yangu."

Mwalimu alirudisha macho kwenye saa.

Simu ililia saa nne na nusu. Bi Rula aliipokea akiwa amesimama mlangoni.

"Umempata?" Sauti ya Mkurugenzi ilikuwa ya mtu aliyekuwa akitembeatembea chumbani.

"Nimempata."

"Nani? Nina askari wawili hapa chini, gari linanguruma. Robo saa watakuwa hapo."

Bi Rula alihesabu vitanda, ingawa alikwisha kuvihesabu. Vilikuwa saba, na damu ya watu saba ilikuwa nje ya miili yao, ikipita kwenye mirija. Shati la muuguzi lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa akihama kutoka kitanda cha pili kwenda cha tano, kidole kwenye kitufe, jicho kwenye kitanda kingine.

"Mkurugenzi, wauguzi wa kitengo hiki walikuwa wangapi kabla ya bajeti?"

"Nitajuaje? Watatu. Wawili mikataba yao haikuhuishwa. Nimekuuliza jina."

"Uliniambia saa tisa alasiri."

"Nimebadilisha."

"Nitalitaja saa nane kamili. Liwe la maandishi, na ushahidi wake, kama kanuni inavyotaka. Jina la mdomo mahakamani halisimami, wewe wajua."

Alisikia injini ya gari kwa mbali. "Ukiniangusha, Rula, utaondoka pamoja na kitengo."

"Nimeelewa."

Aliketi kwenye meza ya muuguzi, akachora pambizo, akaanza kuandika. Aliandika tarehe, uzito, vibali, kisomeo kilichokufa, nafasi zilizofutwa na njia ambayo taarifa ya kifo ilipaswa kuipita na haikuipita. Mara mbili kengele ya mashine ililia, na mara mbili kalamu yake ilisimama hadi muuguzi alipoizima. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya ageuze kichwa.

Mgonjwa wa kwanza alifunguliwa saa sita, wa mwisho saa nane kasoro robo. Mwalimu alipanda mizani bila kushikwa.

"Arobaini na nne nukta moja," alisoma muuguzi, akaandika. Alifunga daftari, akaliweka mbele ya Bi Rula, na juu yake akaweka kalamu.

"Na Alhamisi ijayo?" mwalimu aliuliza. Mlio wa pumzi ulikuwa umekwisha.

Bi Rula alifunua tena aya ya tisa na kuisoma neno kwa neno. "Haijasema mara ngapi," alisema. "Imesema ofisa awepo."

"Na sindano atachoma nani?"

Bi Rula aliufunga waraka.

Muuguzi alivua aproni, akaikunja mara nne. Mshale mkubwa wa saa ya ukutani ulifika juu. "Haya, mama. Saa nane. Piga simu."

Bi Rula alikuwa na simu mkononi. Alitazama saa ya ukutani, kisha ya mkononi mwake, akaiweka simu juu ya meza.

"Hiyo inakwenda mbele," alisema. "Bado dakika saba."

Muuguzi alisimama akiwa hajui la kuzifanyia dakika hizo. Kisha alipiga magoti mbele ya kitanda cha sita, akachukua viatu vya dada yake, ambavyo asubuhi havikuingia miguuni, akaanza kumvisha, kimoja kimoja, akifunga kamba taratibu.